Yatokanayo

Bi Tusekile aliingia Itobela kwa bodaboda,
begi moja la nguo, mawili ya daftari.
Akapanga chumba nyuma ya ghala la ushirika
panaponuka tumbaku mwaka mzima,
na asubuhi ya pili akanigongea ofisini:
"Mwangaluka. Nimeambiwa wewe ndiwe unayeandika."

Ndiye mimi. Mwaka wa kumi na moja
naandika mihtasari ya kijiji hiki kwa peni ya bluu:
Mahudhurio. Ajenda. Yatokanayo. Mengineyo.
Mkutano ulifunguliwa saa nne.
(Ulifunguliwa saa saba.)
Wajumbe walikubaliana kwa kauli moja.
Kauli ilikuwa moja kwa kuwa msemaji alikuwa mmoja.

Akapiga picha kila ukurasa.
Kidole chake kikasimama kwenye zahanati.
"Machi mnaazimia ijengwe Kitongoji cha Kati,
jirani na mwenyekiti.
Julai msingi unachimbwa kule Mtoni.
Katikati hapa sioni mkutano.
Nani aliamua?"

Nikamwambia: wananchi.
Akaandika *wananchi*, akalizungushia duara,
akabaki ananitazama kama mtu anayesubiri chenji.

Miezi mitatu, swali lilelile.
Mwenyekiti Kapalata akamjibu: ni mimi.
Diwani, kwa simu, akasema: ni mimi, na ilani.
Afisa wa halmashauri akamwonyesha fomu yenye visanduku,
kimoja kimeandikwa Ushirikishwaji,
kimetiwa alama ya vema.
Sungusungu wakasema usiku ule hawakuona kitu.
Hakuwa amewauliza habari za usiku.

Ndipo akaacha kuuliza.
Akaenda kuchambua majani kwenye bani la akina Kalunde,
vidole vikawa vyeusi kwa ulimbo,
hata ugali alioula ukawa mchungu.
Huko, siku ambayo hakubeba daftari,
mtu alimwambia habari ya matofali.

Kila kaya itoe arobaini. Ndivyo tulivyotangaza.
Wanawake walitoa. Hakuna aliyenyoosha mkono kupinga;
mkono ulionyooshwa Machi
hukumbukwa Oktoba, siku ya kugawa mbolea.
Waliyabeba matatu matatu kichwani
wakienda kuchota maji,
wakayashusha kule walikokuwa wakienda.
La kwanza alilishusha Nyanzala,
yule aliyejifungua kwenye mkokoteni wa ng'ombe
nusu ya njia, akarudi nyumbani mikono mitupu.
Hakusema neno. Alilipangusa vumbi, akalilaza chini.

Wiki tatu.
Matofali elfu nane na ushee
yamepangwa kwa mistari, yamefunikwa nyasi.
Nani ayarudishe? Kwa gari gani?
Kapalata alikwenda akayazunguka mara mbili,
akajikohoza, akasema:
"Hapa ndipo nilipokuwa nikipafikiria siku zote."

Nami nikaandika:
*Baada ya majadiliano marefu, mkutano uliridhia.*

Kabla ya kuondoka alinisomea kurasa zake.
Palikuwa na *siasa za ngazi ya chini*.
Nikamwuliza, chini ya nini?
Akacheka, akakata mstari.
Halafu akanyamaza hadi taa ya sola ikaanza kufifia.
"Nikiandika walivyofanya," akasema,
"wataweza kufanya tena?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijui
kama ukurasa ule aliuchapa au aliuacha Tabora mjini,
chini ya godoro la nyumba ya wageni.

Mwaka huu tunachangia shule.
Azimio limepita, kiwanja kimepimwa,
muhtasari nimeupiga muhuri.
Leo nikija ofisini nimekuta matofali matatu
kando ya njia ya Mtoni,
mahali ambapo hakuna mtu anayejenga.
Yamepanguswa vumbi.
Nimeyaruka taratibu,
nikaja, nikakaa, nikafunga kifuniko cha peni.